Ripoti ya uendelevu? Anza na risiti za dizeli

Ukipewa kazi ya kuandika ripoti ya uendelevu, yaani ya jinsi kazi zenu zinavyogusa mazingira, katika kampuni inayouza taarifa kwa mawakili na wahasibu, kama yetu hapa Kampala, wazo la kwanza utakaloletewa ni kupanda miti. Fulana zitachapishwa, picha zitapigwa. Sina ugomvi na miti, lakini wewe nenda kwanza kwa mhasibu, umwombe risiti za dizeli.

Umeme wa gridi ya Uganda kwa sehemu kubwa unatokana na maji ya Nile: Nalubaale pale Jinja tangu 1954, kisha Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Kwa hiyo hata seva zikikesha, bili ya umeme haibebi kaboni nyingi. Kinachotuumbua ni jenereta. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Choma lita 200 kwa mwezi, umeshapita nusu tani. Tulipolinganisha risiti na daftari la askari wa getini tukagundua kuwa jenereta ilikuwa ikinguruma saa nzima baada ya umeme kurudi, kwa sababu swichi ilikuwa ya mkono na mwenye ufunguo wa chumba alishakwenda kula. Tukafunga swichi inayojigeuza yenyewe, na seva tukaziwekea inveta na betri. Matumizi ya dizeli yalishuka bila semina wala mabango.

Safari za ndege kutoka Entebbe nazo ziandikwe, pamoja na seva mnazokodi ng'ambo. Mwenye seva akikutumia kipeperushi chenye picha ya jani la kijani, mrudishie, umwombe takwimu za kaboni ya seva hizo.

Halafu kuna vifaa vichakavu. Baada ya jalala la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kufukia watu, sioni kampuni itakavyojitetea ikikutwa imetupa printa na betri kwenye taka za kawaida. Na kwetu sisi tunaoishi kwa taarifa, diski kuukuu ina hatari nyingine: ndani yake mna majalada ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haijali kama kompyuta bado inawaka. Futeni diski kitaalamu, au itobolewe mkiona kwa macho, ndipo vifaa viende kwa mchakataji mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda.

Wateja wa Ulaya watawaletea dodoso refu, hasa tangu IFRS S1 na S2, viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi, vitolewe Juni 2023. Msikopi majibu ya kampuni nyingine. Wakaguzi huyatambua haraka. Swali la jambo msilolipima lijibiwe hivi: "Hatujapima, tutaanza Julai," maana ndipo mwaka wetu wa fedha unapoanza na mhasibu anafungua faili jipya.