Tajiri akitoa, tumuulize alikopata?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu aliyetoa mali nyingi kwa ajili ya wengine anastahili kuhojiwa aliipataje. Mimi nasema ahojiwe, na mfano wangu ni mtu ninayempenda: George Cadbury wa Birmingham, Uingereza. Jina la ukoo wake tumelisoma kwenye makopo ya kakao jikoni kwa mama.

Yeye na kaka yake Richard waliachiwa biashara na baba yao mwaka 1861, ikiwa hoi. George alishafikiria kwenda India kulima chai. Wakatia humo urithi wa marehemu mama yao, George akajinyima hata gazeti, mpaka mwaka 1866 mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta ya kakao ikawaokoa. Wakauza kakao tupu, isiyochanganywa na wanga wa viazi kama ilivyokuwa desturi, yao ya zamani ikiwemo.

Mwaka 1879 wakahamishia kiwanda shambani, Bournville, nje kidogo ya Birmingham. Nyumba alizokuja kujenga George hapo ndizo zinazonifanya nimkubali. Kila moja ilikuwa na bustani, na huko nyuma miti ya matunda. Wala hazikuwa za wafanyakazi wake tu. Mwaka 1900 alikabidhi nyumba 313 na ekari 330 kwa wadhamini. Hakubakiza mlango wa watoto wake kuja kuzidai. Na Jumapili asubuhi alikuwa darasani akiwafundisha watu wazima kusoma. (Alikuwa na ukali wake pia: baa marufuku, na msichana wa kiwandani akiolewa anaacha kazi, anaagwa kwa Biblia na ua.)

Sasa tuje kwenye kakao yenyewe. Sehemu kubwa ilitoka São Tomé, kisiwa cha Afrika kilichokuwa chini ya Wareno, ikilimwa na watu waliotolewa Angola kwa kile kilichoitwa mkataba, nao hawakurudishwa kwao. Mwaka 1901 William, mtoto wa Richard, aliona tangazo la shamba linalouzwa huko: wafanyakazi wameorodheshwa pamoja na mali nyingine. Kampuni ikaandika barua, ikaongea na serikali, mwaka 1905 ikamtuma Joseph Burtt akachunguze. Kununua iliacha mwaka 1909. Miaka minane! Watetezi wao husema ununuzi ule ulikuwa fimbo ya kumbana Mreno. Huenda, ila magunia yaliendelea kupakuliwa.

Wakati huohuo Daily News, gazeti la George, lilipigia kelele mateso ya vibarua wa Kichina migodini Afrika Kusini. Mwaka 1908 gazeti la Standard likaandika kwamba huo ni unafiki. Kampuni ikalishtaki. Kesi ikasikilizwa Birmingham, mji uleule alioufanyia hisani, na jopo la raia wa huko likaipa kampuni ushindi, pamoja na fidia ya farthing moja.

Farthing ni robo ya peni.