Mfunge pajani, si mkononi

Usinunue hiyo saa. Umesema bibi yako amelazwa Malindi, amevunjika nyonga na kutiwa chuma, anatembelea fremu ya kushikilia kwa mikono miwili, nawe wataka saa ya mkononi ikuhesabie hatua zake ukiwa kazini. Unauliza betri hukaa siku ngapi na kama wauguzi watakubali. Ngoja kwanza. Hapo pa mkononi ndipo nilipoponzwa mimi.

Baba alilazwa hapa Lamu wakati wa kaskazi, joto halisemeki. Muuzaji mmoja wa Mombasa aliniapia kwamba saa yake ni sawa na kumwekea mzee muuguzi wake mwenyewe. Kila jioni naisoma: hatua 1,200, kesho yake 1,500. Nikawapigia ndugu zangu Mokowe, msihangaike kuvuka, mzee anatembea. Siku ya tisa nikaenda mchana. Nikamkuta chali, kipepeo cha ukili mkononi, anajipepea taratibu, na kila akipepea nambari kwenye kioo inapanda. Mwenyewe akacheka: "Basi nimekwenda Shela nikarudi, na kitandani sikuondoka!" Nikamfunua shuka. Mapaja yamenyauka, kisigino kimeanza kidonda cha kulalia.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya zao siku 10 tu, wakapoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Baba alikuwa mgonjwa. Ilipita miezi minne ndipo akaweza tena kupanda ngazi za nyumbani kwake.

Na alipoanza kutembea kweli, saa ikanyamaza! Mikono imeshika fremu, haipungi, na mwendo wenyewe wa kuburura. Nikampigia muuzaji, akasema mzee ajitahidi kupunga mikono. Mtu ameshika fremu, apunge nini? Nikikumbuka bado naungua.

Tafuta kihisi, yaani kifaa kidogo kinachotambua mkao na mwendo, cha kufunga pajani. Paja likilala, bibi amekaa au amelala. Likiwa wima, amesimama. Kipepeo hakina la kufanya hapo. Na usiamini nambari hata moja kabla hujatembea naye hatua 20 ukizihesabu kwa mdomo, kisha utazame kifaa kimeandika ngapi. Halafu alale, ajipepee dakika 10. Kikiandika hatua, kirudishe dukani siku hiyo hiyo.

Pajani upande mzima, si upande wa mshono, na ngozi chini ya mkanda iangaliwe kila siku.