Mnaoanza na dawa za nano za utumbo, anzeni na tumbo lenyewe

Wadogo zangu mnaoingia sasa hivi kwenye chembe za nano za kumeza kwa ajili ya kolaitisi na ugonjwa wa Crohn, yale magonjwa ya uvimbe wa utumbo, naomba niwaambie kitu kilichonilia karibu mwaka mzima.

Wengi tunaanza na chembe. Unatengeneza chembe zako za PLGA, ile plastiki inayooza mwilini, mashine inakuambia nanomita 180, unafurahi, unapiga picha unamtumia supavaiza. Mi nilifanya hivyo hivyo. Siku niliyozimimina kwenye maji ya tumbo ya kutengeneza, pH 1.2 na pepsini ndani, nyuzi 37, hata nusu saa haijaisha ule weupe ukakatika kama maziwa yaliyoharibika, mabonge yakashuka chini ya bomba na juu pakabaki maji matupu. Miezi ya kazi ile! Kwa hiyo chembe mpya wiki ya kwanza tu ipitishe kwenye asidi kwa muda wa saa 2, halafu pH 6.8, ndo upime saizi tena.

Kingine ni Eudragit S100, lile ganda la kupaka dawa ili isifunguke tumboni, hapa wengi wanaumia. Inayeyuka pH ikipita 7, kwa mtu mzima hiyo anaipata mwisho wa utumbo mwembamba, ndo maana wanaipaka kwenye vidonge vya mesalazini, dawa ya kolaitisi, lakini vipanya vyetu vya maabara havina hiyo pH kabisa, waliopima 2008 walikuta wastani wa utumbo wao uko chini ya 5.2, sasa unavilisha chembe ulizopaka S100 zinaweza kutoka na kinyesi bado zimejifunga na wewe unaandika dawa haifanyi kazi. Hata mgonjwa mwenye kolaitisi kali pH yake ya utumbo mpana inaweza kushuka, na kuhara kunapitisha kila kitu haraka. Mi naona bora uongeze kitu kinacholiwa na bakteria wa utumbo mpana, kama pektini.

Zile picha za utumbo unaong'aa kwa rangi uliyoweka kwenye chembe pia muwe nazo makini sana. Rangi huwa inavuja ikaenda peke yake, chembe zimebaki nyuma. Weka kundi la rangi tupu, na kundi la wanyama wazima wasio na ugonjwa pia, maana Lamprecht na wenzake 2001 walionyesha kwa panya kwamba chembe ndogo za nanomita 100 zinashika zaidi penye uvimbe, sasa bila wazima utajuaje zako zimefata uvimbe?

Na DSS, ile kemikali tunayoweka kwenye maji ya vipanya ili wapate kolaitisi, nunua ya loti moja ikutoshe jaribio zima, ukibadilisha loti katikati ugonjwa nao unabadilika. Chupa za maji pima kila asubuhi kwa kila kizimba tafadhali, usichoke, kwa sababu DSS wanaipata kwa kunywa, na kundi lililokunywa kidogo utalihesabu limepona kumbe halikuugua vizuri.