Kabla ya Kulilia Kompyuta Kubwa, Tafuta Ulinganifu

Juzi msomaji mmoja wa Mbarara kaniandikia: "Kaka, nataka kusoma mfungamano wa kikwanta katika mifumo ya chembe nyingi, ila laptopu yangu inakwama nikifika spini 20. Niache?" (Mfungamano wa kikwanta ni chembe kuungana kiasi kwamba huwezi kuieleza moja bila nyingine; spini ni kama kishale kidogo cha chembe, ukikipima kinaelekea juu au chini.)

Usiache, mdogo wangu. Mimi pia niliambiwa niache, tena na mtu niliyemheshimu sana. Aliitazama laptopu yangu, akasema fizikia hii ina wenyewe huko Ulaya, nikafundishe sekondari. Mpaka leo inaniuma. Nikarudi chumbani kwangu Kikoni, na umeme ukikatika nilihesabu kwa kalamu. Mwezi uliopita tasnifu yangu imepita.

Kilichonivusha ni ulinganifu: mfumo kubaki vilevile hata ukiugeuza, na kwa hiyo kuna kiasi ndani yake kisichobadilika. Spini 20, kila moja juu au chini, zina hali (mipangilio) 1,048,576. Lakini katika mnyororo wa Heisenberg, yaani spini zilizopangwa mstari na kila moja ikiathiriana na jirani yake, jumla ya spini kwenye mhimili wa z (za juu kutoa za chini) haibadiliki. Chukua zile hali tu ambazo spini kumi zinaelekea juu na kumi chini: zinabaki 184,756. Laptopu ile ile iliyodharauliwa inazimudu.

Tena faida si wepesi wa hesabu peke yake. Kata mnyororo vipande viwili. Ikiwa mfumo mzima una jumla moja maalumu, matriksi ya msongamano ya kipande kimoja (jedwali la namba linaloeleza hali ya kipande hicho) nayo inajigawa mafungu, kila fungu na idadi yake ya spini za juu. Hapo entropia ya mfungamano (kipimo cha jinsi vipande viwili vilivyofungamana) inakuwa na sehemu mbili: ya kutojua kipande kiko fungu gani, na iliyomo ndani ya mafungu yenyewe. Mwaka 2018 wanafizikia Moshe Goldstein na Eran Sela walionyesha namna ya kuukokotoa mfungamano fungu kwa fungu.

Chukua spini mbili katika hali ya singleti, yaani zimefungamana hivi kwamba moja ikiwa juu nyingine iko chini. Ya kushoto ina uwezekano wa nusu kuwa juu, nusu kuwa chini. Entropia yote, logi ya 2, inatoka kwenye kutojua fungu; ndani ya kila fungu ni sifuri. Siku nilipoliona hilo daftarini nilishindwa kukaa kitini.

Vijana wenzangu, tunalilia mashine na swali hatujalipanga! Kalamu kwanza. Jiulize nini hakibadiliki, ndipo uandike programu. Narudia: nini hakibadiliki?

Wewe wa Mbarara, leo fanya spini nne. Kati ya hali 16, sita tu zina jumla sifuri. Ziandike zote kwa mkono, kata katikati, kisha nitumie mafungu uliyopata.