Kwa wageni wa gemu za mapangoni: jinsi ya kuwinda siri na hitilafu

Gemu za kale za mapangoni, zile ambazo unaongoza kikosi cha mashujaa kwenye vichochoro vya chini ya ardhi mkipigana na mazimwi na kuokota hazina, zimechimbuliwa na wachezaji kwa zaidi ya miaka 40. Ni vigumu kupata ukuta ambao haujaguswa na mtu. Ndiyo maana wageni wengi huanza kwa kusoma orodha za siri kabla hawajapiga hatua ya kwanza, kisha wanalalamika kwamba gemu haina ladha. Naomba usianze hivyo. Cheza kwanza, tafuta mwenyewe, na orodha uisome baadaye ukiwa tayari una maswali yako.

Kabla ya yote, zoea kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Siri imewekwa na mtu kwa makusudi, akitarajia kwamba ipo siku utaiona. Hitilafu haikukusudiwa na yeyote. Imezaliwa pale hesabu za programu zilipovuka mpaka wake. Uvumi haumo kabisa ndani ya gemu, umo midomoni mwa wachezaji. Kila kimoja kina namna yake ya kutafutwa, na anayetafuta siri kwa njia ya kutafuta hitilafu atachoka bure.

Siri hutafutwa kwa ramani, na ninaposema ramani nina maana ya ile unayoichora wewe mwenyewe kwenye karatasi ya grafu. Chukua Wizardry ya mwaka 1981, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead kwenye kompyuta za Apple II. Pango lake lina levo 10, na kila levo ni miraba 20 kwa 20, haizidi wala haipungui. The Bard's Tale ya 1985 inatumia miraba 22 kwa 22. Vipimo hivi ukivijua unakuwa na silaha kubwa: ukishachora kila ulikopita na bado pana kiraka cheupe katikati ya karatasi, unajua kuna jambo. Huenda ni mwamba mtupu. Huenda ni chumba ambacho hujauona mlango wake. Zunguka kiraka hicho upande kwa upande ukiwa umewasha uchawi wa mwanga, kwa sababu kwenye Wizardry uchawi wa MILWA haukuongezei tu umbali wa kuona, unaonyesha pia milango ya siri ambayo gizani inafanana na ukuta wa kawaida.

Karatasi ikianza kukataa kukubaliana na yenyewe, yaani ukuta unaangukia mahali ulipokwisha kuchora njia, usiifute haraka. Mara nyingi hujakosea kuchora. Umehamishwa bila kuambiwa, au umegeuzwa uelekeo na mraba unaozungusha kikosi. Hapo piga DUMAPIC, uchawi unaokueleza mko hatua ngapi kutoka kwenye ngazi na mnatazama upande gani. Wageni huudharau kwa sababu haumuui mtu. Mimi nauweka mbele ya uchawi wote wa levo za mwanzo, na naona anayeutumia vizuri huwahi kugundua mitego ambayo wenzake wanaizunguka tu bila kujua. Tazama pia majina, kwani watengenezaji wa zamani walipenda kujificha humo. Mchawi mkuu wa Wizardry anaitwa Werdna na mfalme anaitwa Trebor. Yasome kutoka nyuma kwenda mbele utawakuta Andrew na Robert wenyewe.

Dungeon Master, iliyotoka 1987 kwenye kompyuta za Atari ST, inahitaji jicho la aina nyingine. Kuna kuta unazoweza kupita kama hazipo, na kuna vitufe vidogo sana vilivyochongwa kwenye mawe ambavyo usipoutazama ukuta kwa makini unavipita. Tofauti ni kwamba ukijigonga kwenye ukuta halisi mashujaa wako wanaumia, kwa hiyo huwezi kugonga kila jiwe bila gharama. Lazima uwe na sababu ya kushuku: kichochoro kisichofika popote, zimwi lililotokea mahali pasipo na mlango. Eye of the Beholder ya 1991 ina upole zaidi kwa mtafutaji. Kila levo kati ya 12 imewekewa kazi yake maalumu isiyotajwa popote, na ukiitimiza gemu yenyewe inakutangazia. Ipitie taratibu.

Sasa hitilafu, ambako ndiko moyo wangu uliko. Siri inakuonyesha mtengenezaji alitaka uone nini. Hitilafu inakuonyesha mashine inatunza vipi kumbukumbu, na ukishaelewa moja vizuri utaanza kuzinusa nyingine hata kwenye gemu usiyoijua.

Ninayopenda kuwafundisha wageni kwanza ni ile ya askofu, mojawapo ya aina za wahusika, kwenye matoleo ya mwanzo ya Wizardry. Kila mhusika anabeba vitu 8, basi. Askofu ana kipaji cha kutambua kitu kisichojulikana: unachagua namba ya kitu, akifaulu kinapata jina lake halisi. Sasa mwambie atambue kitu namba 9. Hakuna kitu namba 9, lakini programu haikuulizia hilo. Ilihesabu tu kutoka mwanzo wa mfuko hadi nafasi ya tisa, ikaangukia nje ya mfuko, kwenye kumbukumbu zinazofuata za mhusika yuleyule. Kinachofuata hapo ni pointi zake za uzoefu. Na kwa kuwa namba kubwa ilitunzwa kwa vipande vitatu, kila kipande kikiwa na tarakimu nne, alama ya "kimetambuliwa" iliandikwa kama 1 kwenye kipande cha juu kabisa. Matokeo yake askofu aliyeingia pangoni jana anajikuta na pointi 100,000,000.

Soma tena aya hiyo mpaka ikae, kwa sababu ndani yake mna swali utakalolitumia maisha yako yote ya kucheza: gemu inakubali namba ambayo haipo? Mahali popote unapoombwa kuchagua kutoka kwenye orodha, jaribu nafasi moja baada ya mwisho. Jaribu sifuri. Jaribu kuuza idadi kubwa kuliko uliyo nayo. Gemu nyingi zitakukatalia, na hilo nalo ni jibu la kuandika.

Swali la pili ni hili: je, gemu inaweza kupewa amri mbili kuhusu kitu kimoja kwa wakati mmoja? Diablo ya kwanza, iliyotoka mwaka 1996 ukielekea 1997, iliangukia hapo. Unadondosha kitu chenye thamani chini, unasogea pembeni, unabofya kukiokota, na mhusika anapokaribia kukigusa unabofya haraka chupa ya dawa kwenye mkanda. Ukipatia wakati, chupa inageuka kuwa nakala ya kile kitu. Inahitaji mkono mwepesi, na mara nyingi haikubali. Ila watu waliizoea kiasi kwamba vitu adimu havikuwa adimu tena kwa waliocheza pamoja mtandaoni, na mabadilishano yote yakapoteza maana. Wahusika wa gemu hiyo walihifadhiwa kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Diablo II ya mwaka 2000 ilileta mahali ambapo wahusika wanahifadhiwa kwenye seva, mbali na mikono ya mchezaji.

La tatu linahusu kusevu. Pool of Radiance ya 1988 na nyingine za familia yake zinakuruhusu kumtoa mhusika kikosini, naye anahifadhiwa kwenye faili lake peke yake. Fikiria hapo kidogo. Faili la mhusika na faili la mchezo mzima ni vitu viwili, na hakuna linalomkumbuka mwenzake. Ukimtoa shujaa akiwa amebeba hazina ya kikosi kizima, kisha ukafungua mchezo uliosevu kabla hajatoka, sasa yuko mara mbili, na hazina iko mara mbili. Popote unapoona hali moja imeandikwa sehemu mbili, simama uchunguze.

Si kila kitu kinachokupa nguvu kupita kiasi ni hitilafu, na hapa ndipo wageni hubishana sana. Kwenye The Bard's Tale, ndani ya kasri la Harkyn, kuna pambano dhidi ya makundi manne ya berserker, yaani wapiganaji wenye ghadhabu, kila kundi watu 99. Jumla ni 396. Ukiwa na uchawi unaopiga makundi yote kwa pamoja, unawamaliza, unavuna uzoefu mwingi ajabu, kisha unatoka na kurudi kuwapiga tena. Pambano hilo liliwekwa na mtengenezaji kwa mkono wake. Faida inayotokana nalo ndiyo iliyozidi. NetHack ina mfano mzuri zaidi. Dude la rojorojo jeusi liitwalo black pudding, ukilipiga kwa silaha ya chuma, linagawanyika kuwa mawili. Ni sheria ya gemu, imeandikwa wazi. Wachezaji wakaanza kuligawa na kuliua, kuligawa na kuliua, wakivuna vitu vilivyodondoka mpaka wakachoka wenyewe. Toleo la 3.6.0 la mwaka 2015 lilizima biashara hiyo. Ushauri wangu: unapoandika ulichogundua, usiite hitilafu mpaka uwe umeonyesha ni sheria gani iliyovunjika. Kama hakuna iliyovunjika, andika kwamba ni mbinu.

Kuhusu uvumi nitasema kwa ufupi. Wachezaji wa Diablo waliamini kwamba ukimbofya ng'ombe wa kijijini mara za kutosha utafunguliwa levo ya siri. Haikuwepo. Watengenezaji waliusikia uvumi huo, na Diablo II ikaja na levo ya ng'ombe kwelikweli, inayofunguliwa kwa kuchanganya mguu wa bandia wa mvulana Wirt na kitabu cha uchawi wa Town Portal ndani ya Horadric Cube, sanduku la kuchanganyia vitu. Kisa hiki wengi wanakitumia kutetea kila uvumi wanaousikia. Kwangu kinafundisha kuuliza: kwenye gemu ipi, toleo lipi? Ng'ombe wa gemu ya kwanza hawakuwa na kitu hata gemu ya pili ilipotoka.

Toleo ni neno la kuchukulia kwa uzito. Hitilafu iliyo kwenye diski za Apple II inaweza isiwepo kabisa gemu ileile ilipohamishiwa mashine nyingine, na huko nako zikazaliwa mpya. Hata siri hubadilika: waliomaliza Eye of the Beholder kwenye PC walipewa maandishi mafupi tu, ilhali wale wa kompyuta za Amiga walipata picha zinazotembea. Basi daftari lako lianze na mashine, toleo na mwaka, ndipo zifuate hatua ulizopiga kwa mpangilio, kikosi kilikuwa na nani, na kama ulirudia ukapata matokeo yaleyale. Badilisha jambo moja kwa kila jaribio. Ukibadilisha matatu na ikafanya kazi, bado hujajua chochote.

Na linda mashine yako. Nakili faili za kusevu kabla ya kila jaribio, na chezea gemu za DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, ndani ya DOSBox, programu inayouiga mfumo huo, ukiipa folda yake peke yake, isiguse nyingine. Sisemi hivi kwa uoga. Mwaka 2001 ilitoka Pool of Radiance: Ruins of Myth Drannor, na toleo lake la kwanza lilikuwa na kasoro kwamba ukiiondoa kwenye kompyuta ingeweza kufuta pia faili za Windows. Hitilafu za namna hiyo hazina utamu wowote.

Daggerfall ya 1996 ni shule nyingine kamili. Mapango yake ni makubwa mno, na kwenye maungio ya kuta na sakafu kuna nyufa ambazo mchezaji anapenya na kuporomoka kwenye utupu usio na mwisho. Marekebisho ya programu yaliyotolewa baadaye yaliongeza amri ya Alt+F11 ya kukurudisha mahali salama, maana watengenezaji wenyewe walijua hawataziba kila ufa. Ukiporomoka, usikimbilie amri hiyo. Geuka utazame juu kwanza: utaliona pango lote kwa nje, vyumba vyote vikining'inia, pamoja na vile ambavyo hukujua njia yake. Hakuna ramani bora kuliko hiyo. Na madukani, ingia kabla hawajafunga, subiri humo mpaka saa zao zipite, kisha chukua vilivyoko kwenye rafu. Gemu inajua duka limefungwa, haijui kwamba wewe umebaki ndani.

Kama unataka pa kuanzia leo, anza na NetHack, kwa sababu msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa kila mtu na unaweza kuhakikisha ulichodhani. Gemu hii inatazama saa ya kompyuta yako. Ijumaa ikiangukia tarehe 13, bahati yako inashuka na sala haziko salama. Mwezi ukiwa mpevu, bahati inapanda na unaambiwa hivyo mwanzoni kabisa. Rekebisha tarehe ya kompyuta iwe ya mwezi mpevu, fungua mchezo mpya, soma salamu unayopewa. Rudia kwa Ijumaa ya tarehe 13. Andika yote. Halafu fungua msimbo wa toleo la 3.6, faili la hacklib.c, utafute phase_of_the_moon. Utakuta hesabu fupi inayorudisha namba kuanzia 0 hadi 7, ambapo 0 ni mwezi mwandamo na 4 ni mwezi mpevu, na chini yake kidogo hesabu ya Ijumaa. Linganisha na daftari lako mstari kwa mstari.