Kwa mnaoanza kutunza seva ya mafaili

Natunza seva ya mafaili, yaani kompyuta inayohifadhi mafaili yanayotumiwa na wote, katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga, mwendo mfupi kutoka bandarini, na nawaandikia wadogo zangu mnaokabidhiwa kazi kama hii sasa. Wengi wenu mtaanzia kwenye ukurasa wa Webmin, programu ya kuendeshea seva kwa vitufe, unaofunguka katika kivinjari kwa lango namba 10000, na kwa kuwa vitufe vyake ni vingi na vinaeleweka upesi, ni rahisi kudhani kwamba ukurasa huo ndio seva yenyewe.

Inayofanya kazi ni Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, na inayoziwezesha kompyuta za Linux kugawana mafaili na kompyuta za Windows. Maagizo yake hukaa katika faili la maandishi liitwalo smb.conf, ndani ya folda ya /etc/samba, na unapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, Webmin inakuandikia tu mistari ndani ya faili hilo. Kwa hiyo, kila unapobadilisha jambo, lifungue faili hilo usome kilichoongezeka, kisha endesha amri ya testparm, ambayo itakuonyesha makosa ya uandishi kabla hujaiwasha Samba upya.

Kosa langu kubwa lilitokana na ruhusa. Karani mmoja alifungua orodha ya mizigo iliyoandikwa na mwenzake jana yake, akaweza kuisoma lakini akashindwa kuihifadhi. Nilitazama ukurasa wa Webmin, nikaona kuandika kumeruhusiwa, na kwa haraka nikaipa folda nzima ruhusa ya 777, inayomruhusu kila mtu kusoma, kuandika na kufuta, ili simu za malalamiko zikome. Simu zilikoma kweli, lakini siku chache baadaye kijana wa mafunzo aliiburuta folda ya mteja kwa bahati mbaya ikaingia ndani ya nyingine, nasi tukaitafuta hadi adhuhuri huku dereva wa lori akisubiri nyaraka zake getini.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ruhusa ziko mbili, ya Samba na ya Linux, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Samba ilikuwa imemruhusu karani, lakini Linux ilimzuia, kwa sababu faili jipya huwa mali ya aliyeliunda na ya kundi lake la msingi, wala si la idara nzima. Dawa yake ni kuunda kundi la idara, kuwaingiza wahusika wote, kuikabidhi folda kwa kundi hilo kwa ruhusa ya 2770, ambapo ile 2 ya mwanzo hufanya kila kinachozaliwa ndani kirithi kundi, na 770 humpa mwenye folda na kundi ruhusa zote huku wengine wakizuiwa, kisha kuiagiza Samba kwamba mafaili mapya yapewe 0660, yaani kusoma na kuandika kwa mwenye faili na kundi tu, na folda mpya 2770. Kumbukeni pia kwamba nywila ya Samba hutunzwa peke yake, mbali na ile ya Linux, hivyo mfanyakazi mpya ahitaji kusajiliwa kote kuwili.

Lango la 10000 msilifungue kamwe kwa intaneti. Webmin ina sehemu ya kutaja anwani zinazoruhusiwa kuingia. Andikeni ya kompyuta yenu tu. Toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Samba na Windows hutumia kugawana mafaili, nalo liacheni limezimwa, hata skana kuukuu ikililia, kwani ni kupitia udhaifu wa toleo hilo kwenye Windows kwamba WannaCry, programu haribifu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa Mei 2017. Tafutieni skana hiyo njia nyingine ya kutuma, kama barua pepe.

Samba ina kipengele kiitwacho recycle, ambacho huhamishia mafaili yanayofutwa kwenye folda ya pembeni. Kiwasheni, lakini msikichukulie kuwa nakala rudufu, maana diski ikifa kinakufa nayo. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula viunganishi na umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo nakala ikae kwenye diski nyingine, chumba kingine.

Na kabla hamjawaambia wafanyakazi kwamba folda iko tayari, kaeni kwenye kompyuta ya karani, si yenu, mkiwa na watumiaji watatu wa majaribio: wa kwanza aunde faili, wa pili aliyemo katika kundi alihariri na kulihifadhi, na wa tatu asiyekuwemo akataliwe mlangoni.