Uliza Mzee wa Pedeli: makorongo, vijiji vya mawe, na kijana wa Newala anayekwenda Ufaransa

Swali, kutoka Newala: Shikamoo Mzee wa Pedeli. Mwezi wa tisa naenda Montpellier kule Ufaransa kusoma mwaka mmoja. Baiskeli naendesha toka darasa la tano, ndo nilikuwa napelekea korosho ghalani. Nimeona picha za watu wanapita na baiskeli za resi kwenye makorongo ya mito na vijiji vya mawe vya kale, na mimi nataka. Nianzie wapi, na je nibebe Fonix yangu?

Jibu: Marahaba kijana wangu, hongera sana. Fonix iache nyumbani, mdogo wako ataihitaji msimu wa korosho, na hata hela ya kuipandisha ndege unaweza kununulia ya mtumba huko huko tena yenye gia, maana huko kwenda bila gia ni kujitesa.

Nilikaa upande huo wiki tatu mwaka juzi, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. We mtu wa Newala una bahati kuliko wanafunzi wenzako wote utakaowakuta, kwa sababu nchi ile unaijua tayari ila hujajua kama unaijua. Kaskazini ya Montpellier kuna nyanda za juu za mawe ya chokaa wanaziita causse, ni bapa, kavu, upepo, kondoo, na mvua ikinyesha maji yote yanazama chini yanapotea, halafu yanatokea kule chini kabisa bondeni kama chemchemi. Si ndo Makonde hiyo? Bibi zetu walikaa juu kwenye vichaka maana juu ni salama, wavamizi hawapandi ovyo, lakini maji wakayafuata chini mteremkoni na mtungi kichwani. Basi ukilishika hilo umeshika ramani yote ya huko: mto umekata chokaa umeacha korongo, maji yako chini, kwa hiyo vijiji vingi vimejibana chini kwenye chemchemi, na vile vilivyobaki juu vimejizungushia ukuta.

Kwa hiyo kabla hujaenda korongo lolote uliza swali moja tu, barabara inapita chini au inapita juu? Ya chini inafuata mto, ina kivuli, ina maji, mlima kidogo. Ya juu inapita ukingoni, unaona dunia yote lakini unapanda kwelikweli na maji unabeba mwenyewe. Watu wanasoma kilomita tu, wanaona 60 wanasema ah 60 ndogo, halafu wanaishia kukaa chini ya mti wanapiga simu.

Anza na Saint-Guilhem-le-Désert, iko kama kilomita 40 kutoka Montpellier, unaenda na kurudi siku moja. Unapita mashamba ya mizabibu mpaka karibu na Aniane, hapo ndo mto Hérault unatoka kwenye korongo lake na kuna daraja la mawe wanaliita Daraja la Shetani, la karne ya 11. Mi nilisimama pale nikawa nafikiria Kilwa, maana Msikiti Mkuu wa Kisiwani nao ulianza karne hiyo hiyo, yaani fundi wa huku anachoma matumbawe apate chokaa na fundi wa kule anachonga jiwe la chokaa, wakati mmoja, na hakuna aliyemjua mwenzake. Baada ya daraja barabara inabana, ukuta wa jabali upande mmoja na mto upande wa pili, maji ya kijani, watoto wanaruka wanaogelea, na kijiji hukioni mpaka umekifikia kwa sababu kimejificha kwenye kijibonde cha pembeni.

Kijiji chenyewe ni uchochoro mmoja mrefu wa nyumba za mawe, shuka ubebe baiskeli kwa mkono, usijifanye unaendesha kwenye yale mawe utaanguka mbele za watalii. Juu kuna abasia, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 804 na Guilhem, ndugu wa mfalme Charlemagne, alikuwa mpiganaji mkubwa akaamua kuacha vita akawa mtawa. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Santiago kule Hispania wanapita hapo mpaka leo. Kilichonikera, sehemu kubwa ya nguzo za ua wa ndani haipo, ziliuzwa baada ya mapinduzi yao na sasa ziko makumbusho New York. Kumbe hata wao wameibiwa vitu vyao, nilijua ni sisi tu na mjusi wetu wa Tendaguru aliyeko Berlin.

Ukishakomaa miguu ndo uende Navacelles. Hapo usiniambie kitu. Unakuja juu kwenye causse, tambarare tu, huoni dalili yoyote, ghafla ardhi inaisha na chini kama mita 300 kuna kijiji kidogo kimekaa kwenye duara ambalo mto Vis uliwahi kuzunguka kabla haujajikatia njia ya mkato. Ni Shimo la Mungu kabisa, lile la kwenu unaposimama ukaona bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji, tofauti ni kwamba pale wameweka lami yenye kona za kukunja nenda rudi mpaka chini. Kushuka raha. Ila kumbuka ukishuka shimoni hakuna njia ya kutoka ambayo haipandi.

Korongo kubwa zaidi la upande huo ni la mto Tarn, zaidi ya kilomita 50 kutoka Ispagnac mpaka Le Rozier, na barabara yake inapita chini, ina vitobo kwenye mwamba kwa hiyo beba taa hata mchana. Lala Sainte-Enimie, kijiji cha mawe kando ya mto, wana hadithi kuwa binti mfalme alipona ukoma kwa kuoga chemchemi ya pale. Mwezi wa saba na wa nane usiende, magari ya kulala yanajaa barabara nzima na jua la pale linaakisi kwenye jabali unakuwa kama mkate kwenye tanuru. Na ukitaka kijiji cha juu chenye ukuta nenda La Couvertoirade kwenye causse ya Larzac, ngome ilijengwa na Watemplari, wale watawa wapiganaji wa Kikristo, karne ya 12, ukuta ukaja baadaye karne ya 15. Hakuna mto hapo, walikuwa wanakinga mvua. Bibi yako angeelewa.

Sasa mambo yatakayokuumiza usiposikia. Kule wanaendesha kulia, utajua hivyo kwa kichwa lakini ukitoka kwenye kona asubuhi peke yako barabara tupu mwili utakupeleka kushoto, mi imenitokea mara mbili. Breki ya mbele mara nyingi iko mkono wa kushoto, kwa hiyo jaribu kwanza uwanjani kabla ya mlima. Usiku nje ya mji au kukiwa na ukungu sheria inataka kizibao cha kung'aa na taa. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita moja na nusu, na wengi wanaacha kweli, utashangaa. Maduka ya vijijini mchana yanafungwa, sio dakika kumi, masaa mawili matatu, kwa hiyo nunua mkate kabla ya saa sita. Bomba la kijijini likiandikwa "eau potable", yaani maji ya kunywa, jaza chupa, likiandikwa "eau non potable" osha uso tu.

Na kubwa kuliko yote: unafika mwezi wa tisa, na kuanzia hapo mpaka wa kumi na moja upande ule unapata mvua za ghafla, bahari imepata joto kiangazi chote, upepo unasukuma mvuke kwenye milima ya Cévennes, na mvua ya wiki kadhaa inamwagika kwa siku moja. Mto unaouona wa kuvuka kwa miguu unapanda mita kadhaa ndani ya masaa. Watu wa hali ya hewa wanatangaza kwa rangi, ukiona chungwa au nyekundu usiingie korongoni hata kama kwako jua linawaka, maana maji yanatoka juu ambako huoni.

Swali, Lindi mjini: Mzee, kila siku Ulaya Ulaya. Sisi wa Lindi hatuna vya kale vya kwenda kuona kwa baiskeli?

Jibu: Umenikamata ndugu yangu. Vipo, na kimojawapo UNESCO wamekiandika toka 1981, ndo Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifia mji, wakati huo hivyo vijiji vya Ufaransa ninavyovisifia vilikuwa vijiji vidogo tu. Kutoka Lindi unaenda na lami mpaka Nangurukuru, hapo ni zaidi ya kilomita 150, usijifanye shujaa, gawa siku mbili, halafu unakata kulia kwenda Masoko. Nenda mwezi wa saba wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni kuelekea kaskazini. Kurudi panda basi, kupigana na kusi siku mbili sikutakii. Kibali cha kisiwani chukua Masoko kabla ya boti, na baiskeli iache huko huko Masoko, kisiwani ni kwa miguu, Msikiti Mkuu, Gereza ambayo ni ngome ya kale, halafu Husuni Kubwa, kasri la sultani, iko mbali kidogo juu ya genge la bahari.

Barabara yenyewe sitakudanganya, sio Hérault. Mabasi yanakimbia na bega la barabara sehemu nyingine ni mchanga. Toka alfajiri, saa nne uwe umeshapumzika, na ukisikia honi nyuma shuka pembeni, hoja ya nani ana haki mtaimalizia kwingine.

Swali, mama wa Mikindani: Binti yangu anataka kwenda na wenzake Mtwara mjini na kurudi kila Jumamosi kwa mazoezi. Naogopa buibui litaingia kwenye cheni.

Jibu: Mama shikamoo. Woga wako ni wa kweli, nimeona mtu ameangushwa hivyo. Nenda kwa fundi mwambie afunge kinga ya cheni, ile ya bati inayofunika yote, na wavu wa gurudumu la nyuma kama wa zile baiskeli za zamani za kike. Ndani avae suruali, buibui alikunje alifunge na pini kiunoni. Umbali kama kilomita kumi ni mzuri kwa kuanzia, tena njia inapita na bahari. Mwache aende mama.

Swali, Masasi: Nikiteremka mlima breki zinanuka na zinakuwa laini, nimebadilisha mipira mara mbili, shida nini?

Jibu: Shida ni mkono wako bwana. Unazishika toka juu mpaka chini, rimu inapata moto, mpira unakuwa kama kioo haushiki tena. Mi duka moja liliniuzia mipira migumu kama soli ya kiatu nikalilaumu mwezi mzima kumbe nusu ya kosa langu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, mbele na nyuma kwa pamoja. Hiyo mipira uliyonayo isugue na msasa kidogo mpaka ule ung'aavu uondoke, na rimu ifute na kitambaa chenye spiriti, usije ukaweka mafuta kama alivyofanya jirani yangu.